UZI: Harold Wagstaff, kepteni aliyesainiwa kwa sarafu tano za dhahabu akiwa na miaka 15

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Jukwaa hili kila nikiingia ni Simba na Yanga. Leo naomba niwatoe huko kidogo niwapeleke Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, zaidi ya miaka 100 nyuma, kwa mtu anaitwa Harold Wagstaff. Mwaka 1988 raga ya wachezaji 13 ilipofungua ukumbi wake wa heshima Uingereza, waliingizwa watu tisa tu, na yeye yumo. Lakini hata huko kwao wengi wanamjua kwa mechi moja, ile ya Sydney ya 1914. Mimi naona mechi ile, pamoja na utamu wake wote, imemdhulumu. Nitaifikia, ila kwanza mjue alikuwa anacheza mchezo gani na kwa hela gani.

Ugomvi wa kuzaliwa kwa mchezo wenyewe ulikuwa wa mshahara. Wachezaji wa kaskazini walikuwa wachimba makaa, watu wa viwanda vya nguo, vibarua wa bandarini. Ukiacha kazi kwenda kucheza, hela ya muda ule imekwenda. Vilabu vikaomba mchezaji afidiwe. Wakubwa wa raga, wengi wao watu waliosoma shule za kitajiri na wasiokatwa mshahara na mtu, wakakataa kwa kura mwaka 1893. Tarehe 29 Agosti 1895 vilabu vya kaskazini vikakutana George Hotel pale Huddersfield, vikajitoa na kuunda chama chao, Northern Union. Fidia ikawekwa shilingi 6 kwa siku. Mwaka 1898 wakaruhusu malipo ya wazi, lakini kwa sharti: mchezaji lazima awe na kazi halali nje ya uwanja, na kuhudumu baa hakuhesabiwi. Sharti hilo lilifutwa 1905.

Kisha ikaja 1906, mwaka ambao kwangu ndio wenye uzito kuliko yote. Timu ikapunguzwa kutoka watu 15 hadi 13, na aliyeangushwa akiwa na mpira akaruhusiwa kusimama na kuurudisha mchezoni kwa mguu badala ya watu kulundikana juu yake. Ghafla uwanja ukawa na nafasi. Nani anajua kuitumia nafasi hiyo? Hakuna, maana ni mpya kwa wote.

Msimu huohuo wa kwanza wa watu 13, tarehe 10 Novemba 1906, Huddersfield wakamwingiza uwanjani dhidi ya Bramley kijana wa Holmfirth, kitongoji cha jirani. Umri wake: miaka 15 na siku 175. Walimchukua kwa sarafu tano za dhahabu, yaani pauni 5. Mechi hiyo ya kwanza akafunga trai, yaani aliuweka mpira chini ng'ambo ya mstari wa wapinzani.

Hakuwa na cha kusahau. Wenzake wote walikulia kwenye raga ya watu 15 wakahamia. Yeye utu uzima wake wote wa mpira aliukuta mchezo tayari una 13. Shikeni hilo, nitalirudia.

Naendelea chini.

#2 mzee_wa_benchi

Tiririka mkuu, nimeshatandika mkeka.

#3 MdauEldoret

Swali kabla hujaendelea. Hii ni ile raga ya Shujaa wetu, timu ya Kenya, ama ni nyingine? Sisi tunajua ya saba kila upande, na ya 15.

#4 Mleta uzi

Ni nyingine, ndugu. Ya saba inayochezwa na Shujaa ni mtoto wa ile ya 15. Hii ya 13 haina mashindano ya fowadi kugombea mpira unaorushwa kutoka pembeni. Walifuta hilo 1897. Uingereza inachezwa hasa kaskazini, na Australia huko Sydney na Brisbane ndiyo mchezo wa watu.

Tuendelee. Wagstaff alicheza senta, yaani katikati ya wale wa nyuma, jirani na winga. Januari 1909, akiwa na miaka 17, akaichezea England dhidi ya Australia, tena palepale Huddersfield. Wageni wale ndio Kangaroo (jina la timu ya Australia) wa kwanza kuja Ulaya. Mmoja wao, kijana mfupi wa Kiyahudi kutoka Sydney jina lake Albert Rosenfeld, ziara ilipokwisha alibaki na kusaini Huddersfield.

Hapo ndipo timu ilipoanza kuiva. Fowadi kulikuwa na Douglas Clark, mwenyeji wa Cumberland, jitu la mieleka. Ben Gronow alitoka Wales, mpigaji wa mikwaju. Winga mmoja Rosenfeld, winga wa upande wa Wagstaff ni Stanley Moorhouse. Nahodha wa wote hao akawa Wagstaff, hajafikisha hata miaka 21. Magazeti yakawaita timu ya vipaji vyote.

Msimu wa 1911-12 Rosenfeld akafunga trai 78. Msimu wa 1913-14 akafunga 80. Hiyo 80 haijavunjwa mpaka leo.

#5 winga_teleza

Sasa mkuu, si ungetuletea uzi wa huyo Rosenfeld? Trai 80! Wagstaff kafunga ngapi?

#6 Mleta uzi

Nilikuwa naisubiri hiyo. Wagstaff kwa Huddersfield amecheza mechi 436, trai 175. Kwa senta wa miaka karibu 19 ni nzuri, si za kutisha. Ukimpima kwa mabao unampa mgongo.

Raga ya zamani fowadi wanasukumana, mpira ukitoka unapigwa teke mbele, mnaukimbilia. Wagstaff hakupenda kupiga mpira ovyo. Alitaka timu yake iwe na mpira, na mpira utembee mikononi. Anakimbia na beki anamfuata, anavuta na wa pili, halafu mpira umeshatoka mkononi mwake kwenda kwa mtu aliyeachwa wazi. Akaongeza ujanja wa kumrudishia mpira mtu anayekuja kwa kumkata nyuma, wakati mabeki wote wamehamia upande anaokimbilia. Winga anafika kwenye kona bila kuguswa, kesho gazeti linamwandika winga.

Ndiyo maana nilisema mshike habari ya 1906. Nafasi ya wale watu wanne waliopunguzwa uwanjani ilikuwepo kwa timu zote. Huddersfield ndio waliojenga mchezo mzima juu yake, na aliyekuwa akiamua uwanjani ni huyu kijana. Kumbuka enzi hizo hakuna kocha anayepiga kelele pembeni na ubao wake. Nahodha ndiye kocha dakika zote 80.

Msimu wa 1914-15 wakachukua makombe yote manne yaliyokuwepo. Kombe la Yorkshire, fainali 31-0 dhidi ya Hull. Ligi ya Yorkshire. Ubingwa, fainali 35-2 dhidi ya Leeds. Kombe la Challenge, fainali 37-3 dhidi ya St Helens pale Oldham. Hizo ni fainali, si mechi za mchangani. Jumlisheni mwenyewe: 103 kwa 5. Timu zilizowahi kuzoa manne ni tatu tu, Hunslet kabla yao na Swinton baada yao.

#7 mzee_wa_benchi

103 kwa 5?? Hao wengine walikuja kupiga picha.

#8 Sauti ya Ruvuma

Mleta uzi umeahidi Sydney. Tupe Sydney, hizo fainali tumekusikia.

#9 Mleta uzi

Haya, Sydney.

Mwaka 1914 Northern Union ikatuma timu Australia na New Zealand, Wagstaff nahodha, ana miaka 23. Mechi ya kwanza ya Test, yaani mechi rasmi ya taifa kwa taifa, ikapigwa Jumamosi tarehe 27 Juni, Waingereza wakashinda 23-5. Ya pili Jumatatu tarehe 29, siku mbili baadaye! Wakafungwa 12-7. Ya tatu haikupangwa iwe Sydney wala iwe mapema hivyo, lakini wenyeji wakaitaka Jumamosi inayofuata, tarehe 4 Julai, wakati joto la mashabiki bado lipo na hela ya mlangoni ni ya uhakika. Meneja wa msafara, John Clifford, akagoma. Kikosi kimejaa majeruhi, mechi tatu za kimataifa ndani ya siku nane ni mauaji. Wenyeji wakaruka kichwa chake wakapiga simu ya maandishi moja kwa moja Uingereza, na wakubwa kule wakajibu kwamba vijana lazima wacheze. Wametulia ofisini kwao, maili elfu kumi na zaidi kutoka kwenye goti la mtu linalouma.

Mnaona mambo? Chama kilichozaliwa kwa kumtetea mchezaji dhidi ya wakubwa, miaka 19 baadaye ndio wakubwa wenyewe.

Uwanja ni Sydney Cricket Ground, watu zaidi ya 30,000. Hakuna wachezaji wa akiba wa kuingia. Ukiumia timu yako inabaki pungufu. Dakika za mwanzo tu winga Frank Williams akaumia mguu. Clark akavunjika kidole gumba, akafungwa kitambaa akaendelea. Hata hivyo mapumziko Waingereza wanaongoza 9-0.

Kipindi cha pili kimeanza tu, Clark anaanguka, mfupa wa bega umevunjika. Akajaribu kurudi, ikashindikana, akatoka analia. Mguu wa Williams ukakataa kabisa, naye nje. Billy Hall akapigwa kichwani, akapoteza fahamu, akabebwa. Wamebaki 10 dhidi ya 13, na bado kuna karibu nusu saa.

Wagstaff akawapanga upya. Albert Johnson wa Widnes, ambaye ni fowadi, akapelekwa winga. Wengine kazi ni moja, kukaba. Waaustralia wanakuja wimbi baada ya wimbi, wanaangushwa hatua chache kutoka kwenye mstari.

Na katikati ya hali hiyo wale 10 ndio waliofunga. Wagstaff alipata upenyo, akapasua safu, akamvuta beki wa mwisho, akamwachia Johnson. Johnson mikono ya fowadi, uwanja mrefu mbele; akauweka mpira chini akausukuma kwa miguu kama mcheza soka mpaka akaudondokea ng'ambo ya mstari. Alf Wood akamalizia kwa mguu, 14-0. Mpira ule wa mayai, wakuu, ujaribuni kuukokota mita kumi tu halafu mrudi hapa.

Hall akazinduka akarudi uwanjani, wakawa 11. Australia wakapata trai mbili za mwisho, hawakufika. 14-6. Ashes, yaani ubingwa wa mfululizo wa Test kati ya nchi hizo mbili, ukaenda Uingereza.

#10 winga_teleza

Dah. Mfupa wa bega umevunjika halafu anajaribu kurudi. Wetu wakiguswa kisigino wanagaragara mpaka machela ije.

#11 Sauti ya Ruvuma

Nimesoma mahali mechi hiyo wanaiita Rorke's Drift. Hilo si jina la vita vya Wazulu?

#12 Mleta uzi

Ndivyo. Rorke's Drift ni kituo cha Waingereza mpakani mwa Natal na Uzulu. Januari 1879 askari wapatao 150 walikishikilia usiku kucha dhidi ya maelfu ya wapiganaji wa Kizulu, na 11 kati yao wakapewa nishani ya Victoria Cross. Watu wa magazeti wakaona wachezaji 10 dhidi ya 13 ni kisa kilekile, jina likaganda hadi leo.

#13 Sauti ya Ruvuma

Sisi wa Songea hao wa kusini ni ndugu zetu, Wangoni tumetoka huko huko. Kwa hiyo niseme: siku hiyohiyo, tarehe 22 Januari, saa chache kabla na mwendo mfupi tu kutoka hapo, Wazulu walilifyeka jeshi la Waingereza pale Isandlwana, zaidi ya watu 1,300. Hiyo hawakuipa jina la mechi. Halafu hao Wazulu walikuwa nchini kwao wanavamiwa. Kumlinganisha mchezaji wa Australia na huyo ni kutafuta sifa.

#14 MdauEldoret

Umenena ukweli, lakini mwandishi wa Sydney wa 1914 ungetaka alinganishe na nini? Hao walikuwa watu wa himaya hiyo hiyo, pande zote mbili.

#15 Mleta uzi

Nakubaliana na wa Ruvuma kuliko anavyodhani, tena kwa sababu yangu nyingine. Jina lile limemgeuza Wagstaff kuwa shujaa wa kuvumilia, mtu wa kuuma meno na kuziba mlango. Kuvumilia walivumilia wote 10. Yeye alichokuwa nacho ambacho wengine hawakuwa nacho ni kuona kwamba hata mkiwa 10, mtu wa ziada bado anaweza kupatikana ukiwavuta mabeki wawili kwako. Trai ya Johnson ni trai ya Fartown, uwanja wa nyumbani kwao, imefungwa Sydney na watu pungufu. Ndiyo kazi aliyoifanya kila Jumamosi kwa miaka minane. Ila gazeti likiandika vita, watu wanakumbuka vita.

Na vita halisi vikaja. Timu haijafika nyumbani, Agosti 1914 Uingereza ikaingia vitani. Msimu wa 1914-15 ukachezwa, ule wa makombe manne, kisha mashindano yakasimamishwa. Yaani timu bora kuliko zote ilikatwa ikiwa juu kabisa, nahodha ana miaka 24.

Fowadi wao Fred Longstaff akauawa Somme, Julai 1916. Clark alipata nishani ya Military Medal vitani, akavuta na gesi ya sumu.

Wagstaff aliwekwa kwenye kikosi cha usafiri cha jeshi, kambi ya Grove Park, London. Huko akawakuta Clark, Gronow na Rosenfeld. Nani aliwapanga kambi moja sijui, lakini mkuu wa kambi hakika alikuwa mpenda raga. Kwa ajili ya vita, wale mabwana wa raga ya 15 walilegeza marufuku, askari wa Northern Union wakaruhusiwa kucheza nao. Msimu wa 1916-17 timu ya kambi hiyo ikacheza mechi 26 za raga ya watu 15, mchezo ambao Wagstaff hakuwahi kuucheza kwa mshahara wala bure akiwa mtu mzima. Wakashinda 25. Kisha wakatawanywa kwenda vitani. Yeye akapelekwa Misri. Vita vilipokwisha marufuku ikarudi palepale. Damu yako sawa, pauni zako hapana.

#16 mzee_wa_benchi

Hapo kwenye hela nina neno. Pauni 5 kwa kijana ambaye ataijaza Fartown miaka 19? Huo ni wizi. Leo angekuwa na wakala, na wakala ana wakala.

#17 winga_teleza

Mzee, 1906 pauni 5 kwa mtoto wa miaka 15 ni mshahara wa wiki nyingi za kiwandani. Tusipime kwa bei ya leo.

#18 Mleta uzi

Wote mna haki nusu. Kwa mtoto ni hela. Kwa klabu ni bure. Baada ya hapo mchezaji alilipwa kwa mechi, mkishinda zaidi, mkifungwa pungufu, na wiki nzima yuko kazini kwake. Mtaalamu wa kulipwa wa enzi zile si mtu anayeishi kwa mpira, ni mfanyakazi mwenye hela ya Jumamosi. Rosenfeld mwenye trai 80 baadaye aliendesha maisha kwa kukusanya takataka za mji wa Huddersfield. Hakuna aliyeona ajabu.

Kumalizia safari yake: mwaka 1920 Huddersfield walikuwa wameshachukua makombe matatu, la nne likabaki fainali moja tu, dhidi ya Hull. Lakini Wagstaff na wenzake kadhaa walikuwa safarini tena na timu ya taifa kwenda Australia. Huddersfield wakafungwa 3-2. Pointi moja! Huo msimu ndio ningeutaja kwa mtu anayedai walibahatisha 1915: miaka mitano, vita katikati, marafiki wamekufa, na bado waliyakosa manne mengine kwa pointi moja tu. Australia nako safari ile mambo yalikuwa magumu, Test wakazipoteza 2-1.

Alistaafu 1925, akafundisha timu kidogo, akaendesha baa. Ndiyo, baa, ile kazi ambayo mwaka 1898 ungeifanya wasingekuruhusu kucheza. Alifariki tarehe 19 Julai 1939, ana miaka 48.

#19 MdauEldoret

Mapema sana. Umesema 1988 waliingia tisa. Wengine ni nani, kuna Mwafrika?

#20 Mleta uzi

Tom van Vollenhoven, mzungu wa Afrika Kusini, winga wa St Helens miaka ya 50 na 60, hayumo kwenye hao tisa, aliingizwa baadaye. Yumo Billy Boston wa Wigan, mzaliwa wa bandari ya Cardiff, baba yake alitoka Sierra Leone. Rosenfeld naye yumo, wameingia pamoja na nahodha wake.

#21 winga_teleza

Boston! Fungua uzi wa Boston usiku huuhuu.

#22 Mleta uzi

Foleni ndugu. Anaanza Clark: alitoka vitani na cheti cha ulemavu, akarudi kuichezea Uingereza Australia 1920, halafu akaingia mieleka. Naandika mwisho wa wiki.

#23 mzee_wa_benchi

Mkeka sikunji.